Kliniki ya Dukani: Tenga Hela Yake Kabla Hujatuma Nyumbani

Ukifungua daftari la matumizi la mtu wetu aliyeko Marekani, awe yaya, mlezi wa wazee au fundi wa mjengo, mistari inafanana. Kodi ya chumba, simu, chakula, mafuta ya gari, mchezo wa kikundi, halafu hela ya kutuma nyumbani. Mstari wa matibabu ni nadra kuuona. Ukiuliza unajibiwa, "Mimi siumwi," au, "Nikiumwa ntajua." Sasa hiyo "ntajua" ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu kwenye hesabu hakuna mstari unaoitwa ntajua.

Tunazungumzia zile kliniki ndogo zilizo ndani ya maduka. Umeingia CVS kununua sabuni, kule nyuma karibu na dirisha la dawa unaona mlango umeandikwa MinuteClinic. Au umeingia duka la Kroger kununua unga na nyama, unakuta The Little Clinic. Unaweza kuingia bila miadi, au ukachukua nafasi kwa simu siku hiyo hiyo. Anayekupokea kwa kawaida si daktari. Ni nesi aliyesoma zaidi, mwenye leseni ya kupima ugonjwa na kuandika dawa. Anatibu koo, masikio, macho mekundu, mafua makali, mkojo unaochoma, vipele, na chanjo anachoma.

Wenzetu wengi wanaupita mlango ule kila wiki bila kuugusa, wakidhani ni wa wenye bima tu. Wengine wameugundua, na sasa wanapeleka pale kila kitu mpaka visivyostahili. Maoni yetu ni haya: kliniki ya dukani ni msaada mkubwa kwa mfanyakazi asiye na bima nzuri, ili mradi ajue inauza nini na haiuzi nini, na hela yake awe ameitenga kabla hajatuma nyumbani.

Uzuri wake ni bei iliyoandikwa

Kliniki hizi zilianza mwaka 2000 huko Minnesota, eneo la Minneapolis na St. Paul, ndani ya maduka ya vyakula ya Cub Foods. Kampuni iliitwa QuickMedx, baadaye ikabadilishwa jina kuwa MinuteClinic, na mwaka 2006 ikanunuliwa na CVS. Wazo lilikuwa dogo tu: orodha fupi ya magonjwa ya kawaida, na kila moja na bei yake, kama ubao wa bei kwenye mgahawa.

Kwa mtu aliyezoea zahanati za kwetu hilo si jambo la ajabu. Kule unauliza, "Kumwona daktari bei gani?" unajibiwa, unalipa, unaingia. Lakini wewe uliyekaa Marekani unajua shida ya huku. Unatibiwa leo, bili inakuja baada ya wiki sita, halafu inakuja nyingine kutoka kwa mtu usiyekumbuka hata kuonana naye. Kwa mtu anayepanga maisha kwa malipo ya kila wiki mbili, bili isiyojulikana inaumiza kuliko bili kubwa. Kubwa ukiijua utaipanga. Usiyoijua inakukuta umeshatuma.

Bei za kliniki za dukani zimewekwa kwenye tovuti zao, uzisome kabla hujatoka nyumbani. Kumwona nesi kwa ugonjwa mdogo mara nyingi huzunguka dola 100 na kitu. Si hela kidogo, tunajua. Lakini ulinganishe na nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Annals of Internal Medicine uliangalia watu wenye koo, masikio na maambukizi ya mkojo huko Minnesota. Gharama yote ya ugonjwa mmoja ilikuwa wastani wa dola 110 kwa walioanzia kliniki ya dukani, dola 166 kwa walioanzia kwa daktari, na dola 570 kwa walioanzia emajensi. Bei zimepanda tangu hapo, lakini pengo halijaondoka. Na ubora wa matibabu kwa magonjwa hayo matatu haukuwa chini.

Uzuri wa pili ni saa. Sheria ya Marekani nzima haimlazimishi mwajiri kukulipa siku ya kuumwa. Yapo majimbo na miji yenye sheria hiyo, lakini mengi hayana. Yaya anayelala kwa bosi na kutoka Jumapili tu, daktari wa Jumatatu hadi Ijumaa hamfai. Kliniki nyingi za dukani hufunguliwa jioni na wikendi. Piga hesabu: kama unalipwa dola 15 kwa saa, siku moja ya saa 8 ni dola 120. Mtu anayekosa siku moja ya kazi ili amwone daktari wa bei nafuu ameshalipa dola 120 kabla hajafika mlangoni. Gharama hiyo hatuiandiki, lakini tunailipa.

Lakini usisahau ni duka

Wahenga walisema rahisi ghali. Mwenye duka hakuweka kliniki kule nyuma kwa bahati mbaya. Ili uifikie unapita mafuta ya nywele, chokoleti na vitamini, na ukitoka umeshika karatasi ya dawa, dirisha la dawa liko hatua tatu mbele yako. Hatusemi ni dhambi. Ni biashara. Ila wewe ingia na akili ya mnunuzi.

Kwanza, bei uliyoiona ni ya kumwona nesi. Kipimo cha koo au cha mafua ya flu kina bei yake ya ziada. Kabla hajakupima mwambie: "Sina bima, nalipa mwenyewe. Naomba uniambie bei ya kila kipimo kwanza." Hiyo si aibu. Sheria inayoitwa No Surprises Act, iliyoanza kutumika Januari 2022, inampa mtu anayelipa mwenyewe haki ya kuomba makadirio ya bei kwa maandishi. Bili ikija na kuzidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, unayo njia ya kuipinga. Kwa hiyo karatasi ya makadirio usiitupe.

Pili, karatasi ya dawa ni yako. Hulazimiki kununua dawa kwenye duka lile lile. Omba nesi aipeleke duka utakalolichagua wewe. Walmart tangu mwaka 2006 ina orodha ya dawa za kawaida zinazouzwa dola 4 kwa dozi ya siku 30, zikiwemo baadhi ya dawa za presha na kisukari. Si kila dawa imo, lakini kuuliza ni bure. Dawa ile ile inaweza kuwa na bei tofauti kabisa ukivuka barabara.

Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa hesabu: urahisi unazaa matumizi. Mwaka 2016 jarida la Health Affairs lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika kila ziara 100 za kliniki za dukani kwa magonjwa madogo, kama 58 zilikuwa za watu ambao kliniki isingekuwepo wasingekwenda popote. Wangekunywa maji ya moto na limau, wakalala, wakapona. Mwisho wa yote matumizi yaliongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo mafua ya siku mbili yasiyo na homa kali si sababu ya kutoa dola 120. Muulize mfamasia aliyepo dirishani, ushauri wake ni bure. Koo lenye homa na usaha, mkojo unaochoma, sikio la mtoto linalomnyima usingizi, hayo ndiyo ya kliniki.

Mambo matatu ya kutopeleka pale

La kwanza ni dharura. Kifua kinabana, pumzi haitoshi, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, mtu kaanguka kutoka juu. Hapo piga 911. Tunajua kinachowazuia wengi ni bili, ndiyo maana mtu mwenye kifua kinachobana anajikongoja kwenda dukani, na nesi naye anamgeuza na kumpigia ambulansi ile ile aliyokuwa anaikimbia. Amepoteza muda, na muda wa moyo hauna refandi. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka emajensi za hospitali zinazopokea Medicare, na hizo ndizo karibu zote, zikupime na kukutuliza hata kama huna hela. Bili itakuja, ndiyo. Lakini hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kusaidia wasio na uwezo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Uombe mpango huo kwa jina la "financial assistance". Bili ni kitu cha kujadiliana, na anayejadiliana ni mtu mzima.

La pili ni ugonjwa wa kudumu. Presha, kisukari, pumu, mgongo wa miaka mitatu. Baadhi ya kliniki za dukani zinatoa huduma hizo pia, lakini kwa mtu anayelipa mwenyewe kila ziara ni dola 100 na kitu, na leo unaonana na huyu, kesho na yule. Mahali pake ni kituo cha afya cha jamii. Vituo hivi vinasaidiwa na serikali kuu, na vinatakiwa kupunguza bei kulingana na kipato chako na idadi ya watu unaoishi nao kama familia. Mwenye kipato kilicho chini ya mstari wa umaskini hulipa kidogo sana au halipi kabisa, na punguzo linaendelea mpaka kipato kinachofika mara mbili ya mstari huo. Idara inayoitwa HRSA ina ukurasa wa kutafuta kituo: unaweka zipu kodi ya unapoishi, vinatokea vilivyo karibu. Nenda na karatasi za malipo ya kazini. Ubaya wake ni kwamba foleni ni ndefu na mgeni anaweza kusubiri wiki kadhaa. Ndiyo maana unajiandikisha ukiwa mzima.

Kuna kitu kimoja tu cha dukani tungependa mtumie kwa ajili ya presha, nacho hakina malipo. Maduka mengi ya dawa yana kiti chenye mashine ya kupima presha karibu na dirisha la dawa. Kaa, tulia dakika tano, pima, andika namba kwenye simu. Kwa vipimo vya Marekani, 130 kwa 80 kwenda juu, mara kwa mara, ni presha ya kufuatilia. Ikifika 180 kwa 120, na una maumivu ya kifua au kichwa kizito au unaona giza, hiyo ni 911. Presha haiumi. Inakaa kimya miaka, halafu siku moja inampiga mtu kiharusi akiwa zamu ya usiku.

La tatu ni kuumia kazini, na hapa tunawaomba watu wa mjengo mtusikilize. Umekatwa na msumeno, umeanguka ngazini, msumari umeingia mguuni. Msimamizi anakwambia, "Nenda pale dukani wakufunge, ntakurudishia hela." Anasema kwa upole, na pengine ana huruma kweli. Lakini ukifika pale ukasema umeumia nyumbani, umeshajiandikia mwenyewe ushahidi dhidi yako. Majimbo mengi yanamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Bima hiyo inalipa matibabu na sehemu ya mshahara wa siku ambazo hukufanya kazi. Kwa mwajiri wa binafsi Texas ni hiari, na wafanyakazi wa nyumbani wameachwa nje katika majimbo kadhaa, kwa hiyo uliza sheria ya jimbo lako. Kokote ulipo, fanya haya: mjulishe bosi kwa maandishi siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe wa simu. Mwambie anayekutibu ukweli, kwamba umeumia kazini. Piga picha mahali ulipoumia. Kidonda cha dola 120 kinaweza kuwa mkono usiokunjika baada ya miezi sita, na hapo dola zake 120 alizokurudishia zitakuwa zimekugharimu mkono.

Duka likiona hasara linafunga

Kuna sababu nyingine ya kutoifanya kliniki ya dukani kuwa daktari wako wa maisha. Mwaka 2019 Walmart walifungua vituo vya afya kando ya maduka yao, wakianzia Georgia. Vilikuwa na daktari, meno, macho na vipimo, na bei zake zilikuwa wazi. Watu wengi wa kipato kidogo walivifurahia. Aprili 2024 Walmart wakatangaza kuvifunga vyote 51, katika majimbo matano. Walisema biashara ile haikuwa endelevu. Duka ni duka: bidhaa isiyolipa inatolewa kwenye rafu, hata kama bidhaa yenyewe ilikuwa daktari wako.

Kwa hiyo kila ukitibiwa, omba nakala ya majibu na jina la dawa. Weka bahasha moja nyumbani, au piga picha uziweke pamoja kwenye simu. Mlango ukifungwa kesho, historia yako inabaki mkononi mwako. Na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, usilipie. Usimtumie mtoto kutafsiri mambo ya mwili wako.

Sasa twende kwenye hela

Chukua mtu anayetuma dola 400 kila mwezi. Tunamshauri atume 375. Hizo 25 zikae kwenye akaunti tofauti, isiwe ile yenye kadi anayotembea nayo. Kwa mwaka ni dola 300: ziara mbili za dola 120, na 60 ya dawa. Asipoumwa, hela haihamii kwenye viatu vya Krismasi wala vya Idi. Inabaki mpaka ifike dola 600, ambayo kwa mshahara wa dola 15 kwa saa ni wiki nzima ya kazi. Hapo ndipo anaweza kurudi kutuma 400 kamili.

Kama una bima ya kazini, mstari huu bado unauhitaji. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, uliza mambo mawili: kliniki ile imo kwenye mtandao wa bima yangu? Na ni kiasi gani nalipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa? Wengi wana kadi nzuri mfukoni, lakini dola 2,000 za kwanza ni zao.

Kwa nini tunasisitiza iwe kabla ya kutuma? Kwa sababu hela ikishaingia kwenye simu ya nyumbani imeshapata kazi. Ni ada, ni mbolea, ni bati. Huwezi kumpigia mama wiki ya pili ukamwambia, "Mama, naomba unirudishie dola 100, koo linaniuma." Hutasema. Utameza maumivu na kwenda kazini. Lakini unaweza kumwambia mapema: "Mama, kila mwezi natoa kidogo ya matibabu yangu, ili niendelee kuwatumia." Mama ataelewa. Mara nyingi asiyeelewa ni sisi wenyewe, tunaoona haya kujihesabu miongoni mwa watu tunaowalea.

Tukumbushane pia kitu tunachokijua wote. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp tumechanga mara ngapi kusafirisha mwili? Tunachanga maelfu ya dola kwa siku chache, na ni utu, tuendelee. Lakini marehemu huyo huyo angetuomba dola 120 za kupimwa, tungemwambia nini? Na yeye angethubutu kuomba? Vikundi vyetu vya michezo vingeweza kutenga fungu dogo la kumkopesha mwanachama hela ya kliniki bila maswali, alipe polepole. Hiyo ni hesabu ndogo sana kuliko ya jeneza na ndege.

Kwa mnaotusoma mkiwa nchi nyingine, msiichukue hesabu hii nzima nzima. Mlioko England, tangu Januari 2024 mfamasia wa mtaani anaweza kutibu magonjwa saba ya kawaida, kama koo, sinusi na maambukizi ya mkojo kwa wanawake, bila malipo ya kumwona, kwa mpango unaoitwa Pharmacy First. Mlioko Emirates, tangu Januari 2025 mwajiri katika emirati zote saba anatakiwa kumlipia bima ya afya mfanyakazi wake, pamoja na wa nyumbani. Kabla hujatoa dirhamu yako kwenye kliniki ya mall, dai kadi yako kwanza.

Mlioko Marekani, kazi ya wiki hii ni ndogo. Tafuta kliniki ya dukani iliyo karibu na unapoishi, soma bei zake na saa zake, uziandike. Tafuta kituo cha afya cha jamii kwa zipu kodi yako, ujiandikishe. Pita kwenye mashine ya presha. Na siku ya mshahara, kabla hujafungua programu ya kutuma hela, hamisha zile 25.